Quito mwezi wa Agosti: mwongozo kamili wa safari, kuanzia viza hadi vilele

Mtu wa Mombasa, Dar es Salaam au Muscat anayekwenda Quito, mji mkuu wa Ekuador, anatoka usawa wa bahari na kwenda kulala mita 2,850 juu yake. Hapo ni juu kuliko Mandara, kituo cha kwanza cha kulala kwenye njia ya Marangu ya Kilimanjaro, kilicho mita 2,720. Kwenda Mandara unatembea nusu siku, na mwongozaji yuko nyuma yako akisema pole pole kila unapojaribu kukaza mwendo. Kwenda Quito ndege inakupandisha wewe umeketi, na ukishuka hakuna wa kukuambia pole pole. Mwongozo huu umeandikwa ili mtu huyo awepo. Mengi yanayowaharibia watu safari ya Quito hutokea katika siku tatu za mwanzo, na karibu yote yanaepukika mtu akipanga ratiba yake kwa mwinuko kwanza, vivutio baadaye.

Agosti ikoje

Quito iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo hakuna baridi kali wala joto kali la msimu. Kuna mvua na kiangazi tu, kama kwetu. Mvua huanza Septemba ikiisha na kuendelea hadi Mei, Aprili ikiwa ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi. Juni hadi katikati ya Septemba ni kiangazi, na Julai na Agosti ndiyo miezi mikavu kuliko yote. Mchana wa Agosti joto hufika nyuzi 20 au zaidi kidogo, usiku hushuka hadi 9 au 10. Aliyezoea Njombe au Limuru mwezi wa Julai ataielewa baridi hiyo. Aliyetoka Zanzibar itamshtua, hasa kwa kuwa nyumba nyingi za Quito hazina kipasha joto.

Mambo mawili ya Agosti husahaulika. La kwanza ni upepo. Agosti ndio mwezi wa tiara: watoto na wazee hupanda kwenye bustani za vilimani, hasa Itchimbía, kurusha tiara zao. Upepo huohuo hukausha midomo, hupeperusha vumbi na husambaza moto wa nyika. Septemba 2024 moto ulifika hadi mitaa iliyo pembezoni mwa jiji, na moshi ukatanda kote. Mwenye pumu aje na dawa ya kuvuta ya kumtosha safari nzima, na barakoa chache.

La pili ni jua. Kwenye mwinuko huu, juu ya ikweta, pasipo mawingu, kipimo cha mionzi mara nyingi hupita 11, daraja la juu kabisa. Hewa ni ya baridi, hivyo husikii unavyoungua. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba ngozi nyeusi haihitaji mafuta ya jua. Quito itakufundisha vingine siku ya pili, pua na masikio yatakapoanza kubambuka.

Agosti pia ni likizo ya shule za nyanda za juu za Ekuador na likizo ya Ulaya. Hoteli na tiketi za ndege hupanda bei. Kwa upande mwingine, kwa miaka mingi Quito imeifanya Agosti kuwa mwezi wa sanaa: muziki, tamthilia na ngoma viwanjani na kwenye bustani, mara nyingi bure. Mimi naona upepo na bei vinavumilika kwa ajili ya asubuhi za Agosti, pale unapofungua dirisha ukaiona volkano ya Cotopaxi imekaa kusini na theluji yake.

Hatua ya kwanza: daktari, kabla ya tiketi

Nimeiweka mbele ya viza kwa makusudi. Kwa mita 2,850 msukumo wa hewa ni kama asilimia 71 au 72 ya ule wa pwani, na oksijeni unayoivuta inapungua kwa kiasi hichohicho. Mtu mzima mwenye afya huzoea katika siku chache. Lakini kuna watu ambao hawapaswi kwenda kwa kubahatisha.

Wa kwanza ni wenye seli mundu. Ugonjwa huu ni wa kwetu hasa, na miongozo mingi ya wageni haiutaji kabisa. Oksijeni ikipungua, chembe za damu hujikunja na kuziba mishipa, na hilo huleta maumivu makali na hatari ya maisha. Hata mwenye kurithi kinasaba kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye nyumbani hana tatizo lolote, anaweza kupata madhara ya bandama akiwa juu sana. Kama kwenu kuna mgonjwa wa seli mundu na hujawahi kupimwa, kapime kabla ya kulipa nauli. Kipimo ni kidogo na kinapatikana hospitali nyingi.

Wengine wa kuongea na daktari ni wenye ugonjwa wa moyo au mapafu, wenye presha isiyotulia na wajawazito. Muulize pia kuhusu acetazolamide, dawa ambayo wapandaji wa Kilimanjaro wanaijua kwa jina la Diamox. Si ya kila mtu, na mwenye mzio wa dawa za salfa lazima aseme mapema.

Chanjo ya homa ya manjano ipate angalau siku 10 kabla ya kusafiri, kwa sababu cheti hakihesabiki kabla ya siku hizo kupita. Ukiwa na kadi ya njano tayari, iweke pamoja na pasipoti. Quito yenyewe haina malaria, mbu wake hawaishi juu kiasi hicho. Ukipanga kushuka Amazoni, hilo ni suala jingine la kujadili na daktari huyohuyo.

Hatua ya pili: viza na njia ya ndege, Aprili au Mei

Orodha ya pasipoti zinazodai viza ya Ekuador imerefushwa mara kadhaa tangu 2010, na nchi nyingi za Afrika zimo. Usitegemee aliyekwenda miaka mitano iliyopita. Chukulia kwamba unahitaji viza mpaka Wizara ya Mambo ya Nje ya Ekuador au ubalozi wake ukuambie hauhitaji, na uliza miezi minne kabla. Hakikisha pasipoti ina zaidi ya miezi sita tangu siku ya kuingia.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Njia iliyonyooka zaidi ni kupitia Amsterdam au Madrid. Ipo pia ya kupitia Bogotá au Panama. Kabla ya kufurahia bei nafuu, tazama utabadilisha ndege wapi. Marekani haina utaratibu wa kupita bila viza: hata ukikaa uwanjani saa mbili, unahitaji viza yao. Katika nchi za Schengen, mwenye pasipoti ya Kongo ya Kinshasa au ya Ethiopia anahitaji viza ya kupita uwanja wa ndege hata asipotoka nje. Tiketi rahisi inayopita Miami imewagharimu wengi safari nzima.

Ukiweza, chagua ndege inayofika mchana. Quito iko nyuma ya Nairobi na Dar kwa saa 8, na mwili wako utakuwa unadai kulala jioni mapema.

Hatua ya tatu: fedha

Ekuador inatumia dola ya Marekani tangu 2000, kwa hiyo unabadilisha mara moja tu, nyumbani. Ila kuna tabia moja ya kuiacha. Kwetu, kwenye maduka ya fedha, noti ya dola 100 hupewa bei nzuri kuliko noti ndogo, na kila msafiri ameshazoea kudai mia mia. Quito noti ya 100 au 50 ni mzigo: madukani wanaikataa, teksi wanaikataa, sokoni ndiyo usiseme. Beba za 20, 10, 5 na 1, na sarafu utazipata hukohuko. Hasara ya bei unayoipata nyumbani ni ndogo kuliko usumbufu wa kuzunguka na mia isiyokatika.

Ili ujue ukubwa wa mfuko: treni ya chini ya ardhi ni senti 45. Chakula cha mchana kwenye mgahawa wa kawaida, yaani supu, sahani ya wali na nyama pamoja na juisi, ni kama dola 3 au 4. Teksi kutoka uwanja wa ndege hadi mjini ni kama dola 25 hadi 30. Mashine za kutolea fedha zitumie zilizo ndani ya majengo ya maduka, mchana.

Hatua ya nne: begi

Sheria ya Quito ni nguo juu ya nguo. Saa moja asubuhi ni baridi, saa sita mchana jua linachoma, saa kumi upepo unavuma, saa moja usiku unatafuta sweta. Hayo yote ni siku moja. Beba fulana za pamba, sweta, koti jepesi la kuzuia upepo, kofia pana ya jua, kofia ya sufu, miwani ya jua, mafuta ya jua, mafuta ya midomo na viatu ulivyokwisha kuvizoea. Koti zito sana halihitajiki, isipokuwa ukipanga kufika Cotopaxi. Leso au mtandio ni msaada mkubwa kwa vumbi na upepo, na wanawake wetu hapo wamewatangulia wengine.

Umeme ni volti 110 hadi 120, na plagi ni ya pini mbili bapa. Chaja za simu na kompyuta hukubali. Pasi na kikausha nywele cha nyumbani viache, havitapata moto.

Na saa yako ya Kiswahili, ibebe kichwani. Kwa kuwa Quito iko kwenye ikweta, jua huchomoza saa kumi na mbili na robo hivi na kuzama saa kumi na mbili na kitu, mwaka mzima. Wenyeji huhesabu tangu usiku wa manane, lakini ni miji michache sana ya ughaibuni ambako saa moja asubuhi ya Kiswahili inaendana na jua kama ilivyo nyumbani.

Hatua ya tano: siku tatu za mwanzo

Hapa naomba usome polepole.

Uwanja wa ndege wa Mariscal Sucre, uliofunguliwa 2013, hauko ndani ya Quito. Uko Tababela, bondeni upande wa mashariki, mwinuko wa mita 2,400. Tofauti ya mita 450 kati ya hapo na mjini inaonekana ndogo, lakini usiku wa kwanza mwili unaihisi. Ushauri wangu ni kulala usiku wa kwanza hukohuko bondeni, Puembo au Tumbaco, ambako kuna nyumba nyingi za wageni, ndipo upande mjini kesho yake. Mimi safari ya kwanza nilikwenda moja kwa moja hadi mji mkongwe, nikabeba begi mwenyewe kupanda ngazi za nyumba ya wageni, orofa ya tatu. Niliamka usiku wa manane kichwa kinagonga, nimekaa kitandani nikihesabu pumzi, nikidhani nimepata homa. Safari ya pili nililala Puembo, na asubuhi nikanywa chai kama mtu aliyelala kwao.

Wenyeji huita ugonjwa wa mwinuko *soroche*. Dalili zake za kawaida ni kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa kukatika katika. Kunywa maji mara kwa mara, kula kidogo kidogo, acha pombe siku mbili za mwanzo, na usikimbie ngazi. Dawa ya kawaida ya maumivu inasaidia kichwa. Ila mtu akianza kupepesuka kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi akiwa amekaa tu, hiyo si ya kungoja asubuhi: mshushe chini na umpeleke hospitali. Namba ya dharura ni 911. Kwa Quito peke yake hali hiyo ni nadra. Hutokea zaidi kwa wanaopanda milimani bila kuzoea.

Siku ya pili, panda mjini na utembee penye tambarare. Bustani ya La Carolina inafaa: ni kubwa, ina miti, na ndani yake mna bustani ya mimea yenye okidi. Treni ya chini ya ardhi iliyoanza kazi Desemba 2023 ina kituo hapohapo. Njia yake ni moja, vituo 15, kutoka Quitumbe kusini hadi El Labrador kaskazini, kwa kama dakika 35. Quito ni mji mwembamba uliolala kaskazini-kusini ubavuni mwa mlima Pichincha, kwa hiyo njia hiyo moja inakufikisha karibu kila unapopahitaji.

Siku ya tatu, shuka kituo cha San Francisco, uingie mji mkongwe. Mwaka 1978 Quito, pamoja na Kraków ya Poland, ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kabisa kuandikwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia, na ukisimama kwenye uwanja wa San Francisco asubuhi utaelewa kwa nini. Kanisa la La Compañía de Jesús lilijengwa kuanzia 1605 hadi 1765, na ndani limepakwa jani la dhahabu kutoka sakafuni karibu hadi darini. Lipe saa nzima. Kanisa la Basílica del Voto Nacional lina sanamu za wanyama ukutani, lakini badala ya mazimwi ya Ulaya wamechonga kasa, iguana na kakakuona wa nchini mwao. Kupanda minara yake ni ngazi za chuma zenye kusimama wima: uache mpaka siku ya nne au ya tano.

Kilima cha Panecillo, chenye sanamu kubwa ya Bikira mwenye mabawa, usikipande kwa miguu. Njia yake ina wezi. Chukua teksi kwenda na kurudi.

Tarehe 10 Agosti

Ukiwa Quito mwezi huu, panga uwe mji mkongwe siku hii. Usiku wa tarehe 9 Agosti 1809 kundi la wenyeji lilikutana nyumbani kwa mwanamke aitwaye Manuela Cañizares, jirani na kanisa kuu, na asubuhi yake wakatangaza serikali yao wenyewe badala ya ile ya Hispania. Ekuador inaiita siku hiyo Kilio cha Kwanza cha Uhuru. Serikali ile haikudumu. Waongozaji walikamatwa, na tarehe 2 Agosti 1810 wengi wakauawa gerezani kwenye kambi ya jeshi, hatua chache kutoka uwanja mkuu. Jengo hilo leo ni kituo cha utamaduni cha jiji, na ndani yake mna makumbusho ya sanamu za nta zinazoonyesha mauaji hayo palepale yalipotokea. Baadaye nenda nyumba ya watawa ya San Agustín, ambako azimio la 1809 liliidhinishwa.

Katikati ya Plaza Grande, yaani uwanja huo mkuu, kuna mnara wa mashujaa uliozinduliwa tarehe 10 Agosti 1906. Mtazame simba chini yake: ndiye Hispania, amejeruhiwa, anaondoka.

Kwa kupanga ratiba, jua kwamba sheria ya Ekuador huhamisha mapumziko: sikukuu ikiangukia Jumanne, mapumziko huwa Jumatatu, ikiwa Jumatano au Alhamisi, huwa Ijumaa, Jumamosi hurudishwa Ijumaa, na Jumapili husogezwa Jumatatu. Mwaka 2026 tarehe 10 ni Jumatatu yenyewe. Wikiendi hiyo ndefu hoteli za Mindo na Otavalo, miji midogo nje ya Quito, hujaa, basi wewe baki mjini.

Hatua ya sita: kupanda juu zaidi

Kuanzia siku ya tano, kama unalala vizuri na kichwa kimetulia, unaweza kupanda. Gari la waya liitwalo TelefériQo linatoka mita 3,100 na kidogo na kufika karibu 3,950, kwa kama dakika 20. Huo ni mwinuko unaopita Horombo, mita 3,720, kule Kilimanjaro. Nenda asubuhi likifunguliwa tu. Kufikia mchana mawingu hukusanyika, na upepo wa Agosti ukizidi huduma inaweza kusimamishwa. Juu pale kuna njia ya kwenda kilele cha Rucu Pichincha, karibu mita 4,700. Sehemu ya mwisho ni mawe ya kupanda kwa mikono, kwa hiyo nenda na mwongozaji, na urudi hali ya hewa ikibadilika. Jirani yake, Guagua Pichincha, ndiyo volkano hai, na Oktoba 1999 iliufunika mji kwa majivu. Kwa Kikichwa, lugha ya wenyeji wa milima hii, *rucu* ni mzee na *guagua* ni mtoto mchanga. Mtoto ndiye msumbufu.

Kwa Cotopaxi subiri siku ya saba. Kilele chake kina mita 5,897, mita mbili tu zaidi ya Uhuru. Lakini angalia tofauti hii. Kilimanjaro unafika Kibo, mita 4,720, baada ya siku tatu za kutembea. Cotopaxi gari linakufikisha kwenye maegesho ya mita 4,600 kwa saa chache tu baada ya kutoka kitandani, na kutoka hapo ni mwendo wa saa moja hivi wa mchanga wa volkano hadi kibanda cha José Rivas, mita 4,864. Ndipo watu wanapoanguka. Tembea hatua fupi, pumzika, na kichwa kikianza kuuma sana rudi garini. Kama safari hii haikupi siku saba, ishia ziwa la Limpiopungo, chini kidogo ya mita 3,900: mlima unaonekana wote, na farasi mwitu hupita. Kabla ya kwenda soma taarifa ya Taasisi ya Jiofizikia ya Escuela Politécnica Nacional. Cotopaxi iliamka Agosti 2015 na tena Oktoba 2022, na wao ndio wanaoisikiliza.

Jambo moja la misimu linalowapotosha wengi: kiangazi cha Quito si cha nchi nzima. Miteremko ya mashariki, inayoelekea Amazoni, hupata mvua hasa katikati ya mwaka. Chemchemi za moto za Papallacta, mita 3,300, mwezi Agosti zinaweza kuwa na manyunyu siku ambayo Quito anga ni buluu. Mindo, upande wa magharibi, ni kavu na ya joto wakati huo. Iko mita 1,250 hivi, msitu wa mawingu wenye ndege wavumaji wa kila rangi, mwendo wa kama saa mbili. Ukihisi mwinuko umekuzidi, Mindo ndiyo dawa.

Ikweta, na maji yanayozunguka

Mnara wa Mitad del Mundo uko San Antonio de Pichincha, kaskazini mwa jiji, kama mita 2,480, kwa hiyo ni siku nzuri ya kupumzisha mwili. Ujumbe wa wanasayansi wa Ufaransa, akiwemo La Condamine, ulifika nchi hii 1736 kupima umbo la dunia, na nchi yenyewe ikaja kuitwa kwa jina la mstari huo. Mnara una urefu wa mita 30. Mstari wa kweli, kwa vipimo vya setilaiti, unapita kama mita 240 kaskazini yake.

Utaonyeshwa beseni la maji yanayozunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili. Aliyepita Nanyuki au Kayabwe amekwisha kuuona mchezo huu. Ni mkono wa anayemimina unaoamua: nguvu ya mzunguko wa dunia ni ndogo mno kuonekana kwenye beseni. Furahia, mpe kijana chochote, lakini usimwambie mtoto wako ni sayansi.

Otavalo na Chota

Soko la Otavalo ni Jumamosi, mwendo wa saa mbili kaskazini, mabasi yanatoka stendi ya Carcelén. Njiani, Cayambe, utaona mabanda meupe ya maua kama ya Naivasha. Hawa ndio washindani wa Kenya katika waridi, na mwinuko huwapa mashina marefu na vichwa vikubwa. Mavazi ya sufu ya Otavalo yanafaa kwa usiku wa Quito. Patana bei kwa upole, wafumaji wenyewe mara nyingi ndio wauzaji.

Ukiwa na siku ya ziada, usiishie Otavalo. Endelea kupita Ibarra hadi bonde la Chota, ambako ni chini, mita 1,600 hivi, na joto. Wakazi wake ni Waafrika-Ekuador, wajukuu wa watu walioletwa utumwani na kulimishwa miwa kwenye mashamba ya Wajesuiti. Muziki wao unaitwa *bomba*, na neno hilo ni jina la chombo chenyewe, la muziki na la kucheza kwake, kama sisi tunavyosema ngoma. Wachezaji kadhaa wa timu ya taifa iliyocheza Kombe la Dunia 2002, Agustín Delgado na Ulises de la Cruz wakiwemo, walitoka bonde hili. Mimi nilikaa hapo nusu siku nikisikiliza wazee, Kihispania changu kikiwa cha kuokoteza, na sikutaka kuondoka.

Chakula

Kwa siku za mwanzo hakuna kama *locro de papa*, supu nzito ya viazi yenye jibini na parachichi. Inapasha mwili na haichoshi tumbo. *Llapingachos* ni vibonge vya viazi vilivyokaangwa na jibini ndani. Mahindi ya *mote* yatakukumbusha kande isiyo na maharage. Kwa mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 90 tu hivi, ndiyo maana nafaka hupikwa muda mrefu, na chai haichomi ulimi.

Waislamu na wasiokula nguruwe wawe macho. *Hornado* na *fritada*, vyakula maarufu vya sokoni, ni nguruwe, na mafuta ya nguruwe hutumika hata kwenye viazi. Sema: *sin chancho, sin manteca*, yaani bila nguruwe, bila mafuta yake. Samaki, mayai, kuku na supu za nafaka zipo kila mahali. Quito ina msikiti wa Assalam kwa ajili ya Ijumaa. Kibla kutoka huko ni mashariki ikiegemea kaskazini, si kaskazini kama ulivyozoea Mombasa au Zanzibar.

Usalama

Januari 2024 serikali ya Ekuador ilitangaza vita vya ndani dhidi ya magenge, na hali ya dharura imekuwa ikitangazwa mara kwa mara tangu hapo. Machafuko makubwa yako zaidi pwani, Guayaquil na Esmeraldas. Quito tatizo la mgeni ni wizi: simu inayopokonywa, begi linalopasuliwa kwenye basi lililojaa. Fuatilia habari wiki ya kuondoka. Mjini, simu iwe mfukoni. Usiku tumia teksi iliyoitwa na hoteli au kwa programu ya simu. Mji mkongwe hunyamaza mapema, isipokuwa mtaa wa La Ronda. Pasipoti iache hotelini, tembea na nakala yake.

Siku ya kuondoka, toka mjini muda wa saa nne kabla ya ndege. Barabara ya Tababela ni ya mteremko na hufunga foleni asubuhi na jioni. Kama ndege yako ni ya alfajiri, rudi ukalale Puembo, palepale ulipoanzia.